Fundi Bastola Ndani ya Kasha

Zamani mtu akitaka kujua mwisho wa kitabu ilimbidi kwanza akirudishe, na siku hizi hakuna anayerudisha kitu, si kitabu, si sufuria, si salamu.

Nina haki ya kusema hivyo, maana miisho yote ya mji ule nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa na kibanda cha vitabu vya kukodi ubavuni mwa posta, mbao chache na turubai juu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vyembamba, karatasi ya manjano, wino unaobaki kwenye vidole. Juu ya kila jalada kulikuwa na jamaa mwenye koti refu, kofia imemshuka mpaka puani, na nyuma yake moshi ambao ndani ya kitabu hukuelezwa umetoka wapi. Jamaa huyo aliitwa Mpweke. Kazi yake ilikuwa kupambana na magenge ya wahalifu bila msaada wa mtu yeyote. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na mwenye nyumba. Ndiyo maana alikuwa na muda.

Watu walivipenda vitabu vile, na kwa kuvipenda wakasahau kuvirudisha. Basi nikatunga sheria. Kila kitabu kilichoingia kibandani nilikikata kurasa za mwisho kwa wembe, nikazibana kwa pini, nikaziweka kwenye bati la biskuti. Unachukua kitabu, unakwenda kukisoma kwako, unakileta, nakikagua kama hakijapakwa mafuta, ndipo nakupa mwisho wako. Unausoma papo hapo, umesimama, mbele ya macho yangu, kisha unanirudishia.

Sikuwa nakata ovyo. Nilikata pale Mpweke anaponing'inia dirishani na kamba imebaki uzi mmoja. Watu waliniita katili. Lakini vitabu vilirudi, na juani pale mwalimu na muuza mkaa walisimama wakisoma mwisho mmoja mabega yakigusana, huyu akimwambia mwenzake, "Ngoja, usifunue, sijafika." Siku hizi kijana anatazama picha nzima amelala chali, mwisho anaurukia mwenyewe kwa kidole, na bado analalamika kwamba imemchosha.

Baraza la jirani lilikuwa la fundi cherehani ambaye mji mzima ulimwita Fundi Bastola. Bastola hakuwahi kuigusa. Alichokuwa nacho ni mkasi, aliouvaa kiunoni ndani ya mfuko wa ngozi kama askari wa doria, na mkasi wenyewe ulikuwa butu kiasi kwamba kitambaa ukijaribu kukikata kilikunjamana tu kikakutazama.

Alikuwa amesoma vitabu vyote vya Mpweke. Niseme vizuri: alikuwa amesoma vyote, isipokuwa miisho.

"Mimi fundi mzima," aliniambia, "nisimame barabarani nasoma kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi? Mwisho naujua. Mpweke anashinda."

"Anashindaje?"

"Hayo ni mambo madogo madogo."

Kwa hiyo vitabu alivirudisha mkewe akielekea sokoni. Mimi nilimwita shemeji, maana mumewe nilimhesabu kuwa ndugu yangu, naye aliniita shemeji vilevile. Shemeji hakuwa na nafasi ya kusoma mianzo. Alikuwa na nyumba, alikuwa na watoto, na alikuwa na mume ambaye peke yake alikuwa sawa na watoto wengine kadhaa. Lakini kitabu kimerudi na sheria ni sheria, basi mwisho nilimpa. Aliusoma kimya, kikapu kikiwa kwenye kiwiko, akanirudishia, akasema, "Haya, kumbe," akaenda zake.

"Mbona umekawia?" mumewe alimuuliza.

"Foleni ya nyanya."

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile. Mume alijua mianzo yote, mke alijua miisho yote, na hawakuwahi kuambiana.

Fundi alizidi kukolea. Akajishonea koti refu kama la Mpweke kwa kitambaa kizito cha mapazia, lenye mifuko ndani, nje, na mmoja mgongoni ambao hata yeye hakuweza kuufikia. Akawa analivaa akishona. Ilikuwa miezi ya joto, mbwa wamelala kwenye mifereji, na Fundi Bastola amejifunga koti mpaka kidevuni, jasho likidondokea sketi za watu.

"Baba, vua koti hilo, utaiva," mkewe alimwambia.

"Mpweke havui koti."

"Mpweke ana mke wa kumfulia?"

"Hana."

"Basi kuanzia leo jifulie."

Sasa, mji ule ulikuwa na genge lake, na magenge ya siku zile nayo yalikuwa na adabu zake. Siku hizi mtu anakuibia kupitia simu, hata sura yake huioni, hata salamu hakupi. Genge letu lilijiita Kamati. Ukitaka kuweka meza sokoni ulizungumza na Kamati. Ukikataa kuzungumza, asubuhi ulikuta meza yako imekwenda matembezi. Mkubwa wao aliitwa Mwenyekiti, mtu mfupi, sauti ya upole, soksi nyeupe hata siku za tope. Mkono wake wa kulia aliitwa Kabati, na ukimwona huulizi kwa nini: alikuwa akisimama mlangoni, chumba kinaingia giza.

Kabati alikuwa na mazoea ya kupita kibandani kwangu na kuchota vitabu vya Mpweke kama anachota maharage.

"Vya nini vyote hivyo?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Mwenyekiti anafungia misumari."

Havikurudi hata kimoja. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza habari za miisho, maana mtu wa kufungia misumari mwisho anautakia nini? Lakini nilimwona Kabati akichagua, hiki tumeshachukua, hiki bado, hiki kinafuata kile, na nikaelewa kwamba misumari ile ilikuwa inafuatilia hadithi kwa mpangilio. Mwenyekiti alikuwa mgonjwa wa Mpweke kama sisi wengine. Ila mtu anayeogopwa na soko zima angewezaje kuja kusimama kwenye foleni yangu, kusoma jinsi watu wa aina yake wanavyopigwa?

Balaa lilianzia kwa kinyozi. Fundi alikuwa amekwenda kunyolewa, koti lake mwilini, akawa anahutubia.

"Kamati ni kitu gani? Mnaogopa nini? Ghala lao mimi naweza kuliingia peke yangu, mchana kweupe, nikalifagia."

Kinyozi akamkonyeza. Fundi akadhani anasifiwa, akaongeza sauti.

"Wembamba wale. Wale ni wa kupigwa kofi wakalale."

Kwenye kiti cha pembeni alikuwepo mteja aliyefunikwa taulo la moto usoni. Taulo likashuka taratibu. Chini yake alikuwa Kabati.

"Shikamoo, fundi," akasema Kabati, maana alikuwa amelelewa vizuri.

Kesho yake asubuhi Kabati alikuja barazani, akaamkia kila mkubwa aliyemkuta, akainua cherehani pamoja na miguu yake kama mtu anayehamisha kigoda, akaondoka nayo. Watu huniuliza fundi alikuwa wapi. Fundi alikuwepo. Alikuwa chini ya meza akitafuta kifungo. Alipotoka huko, kifungo hakikupatikana na cherehani haikuwepo.

Hapa nacheka, lakini siku ile sikucheka. Cherehani ile haikuwa ya fundi. Ilikuwa ya mama yake shemeji, ya kukanyaga, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefifia pale mkono wa marehemu ulipozoea kupumzika. Mama yule ndiye aliyemfundisha fundi kazi. Alipoona maisha yanamwacha alimkabidhi binti na cherehani kwa pamoja, na wosia mmoja tu: binti anaweza kuvumilia, cherehani itiwe mafuta.

Shemeji hakulia. Alikaa kwenye kiti cha kushonea, akaweka mkono hewani, pale ilipokuwa.

"Vyombo vyake vimevunjika vyote," akasema. "Khanga zake zimechakaa. Hii ndiyo ilikuwa imebaki. Nakwenda kwa huyo Mwenyekiti. Naye kazaliwa na mwanamke, ana masikio."

"Huendi popote," akasema fundi. "Nimeshapanga."

"Umepanga nini?"

"Mpweke hatangazi mipango yake."

"Jana kwa kinyozi ulitangaza."

Fundi akavuta kola ya koti ikamfunika masikio, akaondoka kwa hatua ndefu. Barabarani alijikwaa.

Sasa sikiliza mpango wenyewe. Kuna kitabu kimoja ambamo Mpweke anaingia maskani ya genge akiwa amejificha ndani ya kasha la mizigo. Anapigiliwa misumari, anapakiwa, anapelekwa mpaka katikati ya adui. Kasha linatuliwa sakafuni. Majambazi wanalizunguka. Na neno la mwisho kabla ya wembe wangu ni "ghafla." Nilijivunia sana mkato ule. Fundi Bastola alikisoma kitabu kile mara nyingi, na kila mara alisoma mpaka "ghafla," akafunga, akatabasamu kama mtu aliyeelewa.

Akaenda kwa seremala.

"Nipigilie," akamwambia.

"Nikupigilie wapi?"

"Humu ndani ya kasha."

Seremala akalitazama kasha, akalitazama koti. "Sasa kutoka utatokaje?"

"Ghafla," akasema fundi.

Seremala hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Mafundi wa zamani walikuwa hivyo, ukiagiza kitu unatengenezewa kitu. Alipigilia misumari mirefu pande zote, akapitisha na mingine ya kuzuia ile ya kwanza isilegee, akaacha tundu dogo la hewa kwa sababu alikuwa anampenda mke wa fundi. Kasha likapakiwa kwenye mkokoteni, mzigo wa Mwenyekiti, mchana jua likiwa utosini.

Msukuma mkokoteni alipomaliza kazi alipita kibandani kwangu anajifuta jasho. Shemeji naye alikuwa amefika, amekuja kuniomba nimsindikize kwa Mwenyekiti.

"Mama," yule jamaa akamwambia, "nimempeleka mzee kwenye ghala la Kamati. Ndani ya kasha. Njia nzima ananinong'oneza niende polepole kwenye mashimo."

"Kasha?" shemeji akauliza.

"Kasha."

"Limepigiliwa?"

"Kabisa. Hata mende hatoki."

Shemeji akafumba macho, akafumbua. "Shemeji," akaniambia, "chukua bati lako. Twende."

Yaliyotokea ghalani kabla hatujafika nilisimuliwa na Kabati mwenyewe baadaye, na Kabati hakuwa na akili ya kutunga uongo.

Kasha lilitua katikati ya ghala, kati ya magunia. Kabati, asiyejua ni mzigo gani, akakaa juu yake akaanza kula chakula cha mchana. Kasha likapiga chafya. Kabati akasema, "Afya," akaendelea kula. Tonge lilipofika kooni ndipo alipotafakari.

Mwenyekiti akatoka chumba cha nyuma, mkono mmoja ameuficha mgongoni, na Kabati anasema mkononi mule mlikuwa na kitabu kidole kikiwa kimebana ukurasa. Akaliona kasha. Akaona linavyotikisika. Uso wake ukawa na rangi ya jivu, kwa sababu kitabu cha kasha kilikuwa kimeshafungia misumari yake, na yeye pia alikuwa ameishia kwenye "ghafla."

"Asiliguse mtu," akasema. "Wewe uliyemo humo. Ni nani?"

"Mpweke," likajibu kasha.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuwamaliza."

"Kivipi?"

"Mtaona," likasema kasha.

Basi wakarudi nyuma ya magunia wakasubiri waone. Na fundi ndani ya kasha akasubiri pia. Yeye alikuwa anangoja kitokee kile kinachotokea baada ya kasha kutuliwa, na wao walikuwa wanakingoja hicho hicho. Hakuna upande uliokuwa na kurasa zile.

"Mbona hutoki?" Mwenyekiti akauliza baada ya muda mrefu.

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado ghafla."

Kabati akaingiwa na huruma. "Una kiu?"

"Mpweke hana kiu," likasema kasha. Kisha, taratibu zaidi: "Kama kuna maji, mimina hapo kwenye tundu."

Kabati akamimina. Nusu ilikwenda kinywani na nusu ikaenda kwenye koti, na kitambaa cha mapazia kikilowa kinakuwa na uzito wa mtu wa pili. Sasa walikuwa wawili humo ndani, na nafasi ilikuwa ya mmoja.

Hapo ndipo tulipofika. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Hakuna mtu aliyekuwa ameufunga tangu asubuhi, maana nani angethubutu kuingia?

"Hodi," akasema shemeji.

"Karibu," akajibu Mwenyekiti kwa mazoea, kisha akakumbuka yuko nyuma ya gunia. "Mama, usisogee. Kuna mtu kwenye kasha hilo."

"Najua. Ni mume wangu."

"Ana baruti?"

"Ana kikohozi."

Ndani ya kasha sauti ikasema, "Mama watoto, rudi nyumbani. Unaniharibia."

Shemeji alipita katikati ya watu wale kama anayepita katikati ya meza za nyanya. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imewekewa ndoo ya rangi juu. Aliondoa ndoo kwanza. Akafuta kwa ncha ya khanga pale palipofifia. Ndipo akageuka.

"Nimekuja kuchukua kitu cha mama yangu."

"Mama, hapa ni Kamati," akasema Mwenyekiti. "Mumeo ametukana watu. Kitu kikiingia hapa hakitoki."

"Sawa," akasema shemeji, akakaa juu ya kasha. "Nami nimeingia. Shemeji, weka bati hapo."

Nikaliweka sakafuni. Mwenyekiti aliliona. Mji mzima ulilijua bati lile. Macho yake yaliganda juu ya kifuniko.

"Kabati," akasema, "chukua wenzako mtoke nje mkaangalie kama mvua inakuja."

"Mvua, bosi? Jua lote hili?"

"Toka."

Wakatoka. Mwenyekiti akasogea, akakohoa, akarekebisha soksi.

"Mama. Nikuulize kitu. Yule... kwenye kasha. Anatokaje?"

"Nani, mume wangu?"

"Hapana. Mwenyewe. Mpweke."

"Kumbe unasoma?"

Mwenyekiti akatazama dari. Alikuwa ameshapora mji mzima bila kuona aibu, na sasa masikio yake yalikuwa mekundu kama ya bwana harusi.

"Nafungia misumari," akasema.

"Basi misumari itasubiri," akasema shemeji.

Nzi alizunguka ghala lote akarudi.

"Mama," akasema Mwenyekiti, "nina vitabu chumba kizima mle ndani. Vyote vimekatika. Silali. Yule anayening'inia dirishani, nimemwacha hapo tangu mwaka juzi. Nikila namwona ananing'inia. Tafadhali."

"Cherehani inabebwa sasa hivi," akasema shemeji. "Inapelekwa barazani pangu, na anayeibeba aibebe kama anambeba mama yake. Mimi nitatembea pembeni. Ikianza kwenda, naanza kusema. Ikisimama, nasimama."

"Na huu wa kasha, anza nao."

"Cherehani kwanza kichwani."

Kabati akaitwa. Cherehani ikapanda kichwani. Ndipo shemeji akamwinamia Mwenyekiti akamwambia kwa sauti ya chini. Na ndani ya kasha ikasikika sauti ya mtu anayegonga ubao.

"Mama watoto! Sema kwa nguvu. Huku sisikii."

"Nasema hivi," akasema shemeji. "Mpweke hafanyi lolote. Anakaa kimya tu. Majambazi wanashindwa kuvumilia kuona kasha lililofungwa, wanalifungua wenyewe."

Tukamsikia fundi akitafakari.

"Wenyewe?" akauliza.

"Wenyewe."

"Halafu?" wakauliza wawili kwa pamoja, wa ndani na wa nje.

"Halafu anawapiga wote."

Mwenyekiti akarudi nyuma hatua moja, akalitazama kasha. Kisha uroho ulimshinda, kama ulivyowashinda wale wa kitabuni. Akawaita watu wake waliokuwa nje walete nyundo na tindo. Shemeji akashuka, na misumari ya seremala ikatoka ikilia, mmoja mmoja, mpaka upande ukaanguka.

Fundi Bastola alibaki amejikunja vilevile, magoti kwenye masikio, anatoa mvuke. Akauchomoa mkasi.

"Mikono juu," akasema.

Watu wale walinyanyua mikono kweli, isipokuwa Kabati aliyeshikilia cherehani kichwani. Walikuwa wamesoma. Fundi akajaribu kusimama ili awapige wote, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaangukia kifuani kwa Mwenyekiti kama mtoto aliyetoka kulala, akabaki hapo.

"Ndiyo hivyo?" Mwenyekiti akamuuliza shemeji.

"Kitabuni ilikwenda vizuri zaidi," akasema shemeji.

Miguu haikuamka. Ikabidi arudishwe ndani ya kasha lake na kasha lirudi juu ya mkokoteni. Ndivyo msafara ule ulivyopita sokoni. Mbele Kabati na cherehani kichwani, anakanyaga kama anayepita juu ya mayai. Nyuma yake shemeji, na Mwenyekiti ubavuni mwake amemwinamia, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Nyuma yao mimi na bati langu. Na mwisho kabisa mkokoteni, na juu yake Fundi Bastola, kichwa kimechomoza kwenye kasha, anapungia watu mkono. Soko lilisimama. Wengine walidhani ameshinda vita, wengine walidhani anapelekwa kuzikwa na bado hajakubali.

Shemeji alisimulia njia nzima. Dirisha lile, kumbe chini yake kulikuwa na gari la nyasi. Treni ya kitabu kingine, kumbe dereva wake alikuwa mtu wa Mpweke. Kwenye kila kona Mwenyekiti alisema, "Ala," na kutoka kwenye kasha fundi aliuliza, "Halafu? Halafu?" Hakujua hata mwisho mmoja.

Cherehani iliposhushwa barazani, Mwenyekiti hakuondoka.

"Umebaki mmoja, mama. Kile cha mwisho kabisa. Mpweke amebaki chumbani na mkubwa wa genge, wawili tu, mlango umefungwa. Yule mkubwa... inakuwaje kwake?"

Shemeji alishasukuma kiti, ameshaweka mkono wake pale palipofifia.

"Huo, kaka yangu, utausoma mwenyewe. Kwa shemeji yangu pale, umesimama, kama watu wengine. Ukirudisha vitabu."

Alikaa siku kadhaa anapigana na nafsi yake. Kisha akaja. Kabati alibeba gunia la vitabu, na Mwenyekiti akaingia kwenye foleni, nyuma ya muuza mkaa, soksi zake nyeupe, soko zima likitazama. Nikakagua vitabu kimoja kimoja kama sheria inavyotaka. Vitatu vilikuwa na mafuta, nikamkemea. Nikampa mwisho wake. Akausoma kwa kidole, akitembeza midomo, na alipomaliza alinirudishia kwa mikono miwili.

"Hata hampigi," akasema.

"Hampigi."

"Watu wake wanaondoka tu. Anabaki peke yake."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Baada ya hapo Kamati haikuwa tena Kamati. Ni vigumu kumwogopa mtu uliyemwona anasoma kwa kutembeza midomo. Ukikataa kuzungumza naye, anakuuliza umefika wapi kwenye kile cha treni. Fundi Bastola, kwa upande wake, alisimulia kwa kinyozi namna alivyolisambaratisha genge peke yake, na kila mwaka majambazi wakaongezeka idadi na kasha likapungua, mpaka mwishoni kasha halikuwepo.

Yote hayo yamekwisha. Ukuta wa posta sasa ni duka la simu, na posta yenyewe iko wapi sijui. Mvua moja kubwa ilipasua turubai langu ikalowesha mianzo yote. Miisho ilipona, kwa kuwa ilikuwa kwenye bati. Nani anataka miisho isiyo na mianzo? Nilimjua mtu mmoja tu, nikampelekea.

Ilikuwa asubuhi waliyokuwa wanahamia kwa binti yao, na ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Vitu vilikuwa vimeshapakiwa kwenye gari dogo la mizigo. Shemeji alikaa nyuma juu ya godoro, mkono mmoja kwenye cherehani ya mama yake, akapokea bati akaliweka mapajani. Fundi, mvi tupu, macho yamefifia, alikuwa mbele amevaa koti lile na anamsimulia dereva.

"Nikaingia ghala lao mchana kweupe. Peke yangu. Wako kama mia, wamenizunguka. Mimi nimetulia, nawatazama. Wananiogopa, nakwambia. Halafu ghafla..."

Dereva akasubiri, ufunguo mkononi. Fundi akageuka, akachungulia kwenye kidirisha cha nyuma.

"Mama watoto, hebu nikumbushe. Nilitokaje pale?"

"Halafu ikawaje, bibi?" dereva naye akauliza.

"Washa gari, mwanangu," akasema shemeji. "Na cherehani hiyo uiangalie kwenye mashimo. Mwisho utaupata ukitufikisha."

Gari likaondoka, polepole.